Mgeni Alilala Wapi?

Maneno haya niliyasema usiku, baada ya sala ya Isha, katika ua wa Ngome ya Lamu, mbele ya wanafunzi na wazee wa mji. Nimeyaandika karibu na nilivyoyasema. Nilichotoa ni kikohozi changu na majibizano na kijana wa spika.

Assalaam alaykum.

Mashekhe, wazee wangu wa mitaa ya Mkomani na Langoni, mama zangu mlioketi huko nyuma mkijifanya hamsikii, nanyi wanangu wanafunzi. Nimeambiwa nieleze safari yangu ya kazi. Kwenye karatasi ya mwaliko nimeandikwa Profesa. Huko Langoni mimi ni binti wa muuza mahamri, na wapo hapa walionikuta nikilia kwa sababu ya henzerani ya chuoni, kwa hivyo huo uprofesa tuuweke kando.

Kazi yangu kwa miaka 35 imekuwa kusoma miji: nani alifika, nani aliondoka, alibeba nini, aliacha nini. Nilipopata shahada ya uzamivu, mjomba wangu mmoja, nahodha, Mungu amrehemu, aliniuliza, "Yaani wakulipa kwa kuuliza watu wametoka wapi? Hilo sisi twalifanya bure barazani." Sikuwa na jibu siku ile. Usiku huu nitajaribu.

Nilipoingia chuo kikuu mwaka 1977, miji yetu iliulizwa swali moja tu: nani aliijenga? James Kirkman alikuwa amechimba Gede, karibu na Malindi, kuanzia 1948 hadi 1958. Neville Chittick akachimba Manda, hapo ng'ambo. Wataalamu wa kizazi hicho waliiona miji hii kama vituo vya wageni kutoka Uarabuni na Uajemi, na sisi tulikuwa watu waliokuta mji umeshajengwa. Kisha ikaja hamasa ya uhuru, jibu likageuzwa kama chapati: Waafrika, basi, na mgeni akafutwa ukutani. Nami nilikuwa miongoni mwa waliopiga makofi.

Mwaka 1980 Mark Horton alianza kuchimba Shanga, kule Pate, mwendo wa miguu kutoka Siyu. Nilifika huko nikiwa mwanafunzi. Nilipewa ndoo ya maji na mswaki, nikaambiwa nioshe vigae. Chini ya msikiti wa mawe palikuwa na msikiti mwingine, na chini yake mwingine, mpaka kwenye matundu ya nguzo za miti, karne ya 8. Watu wa mahali pale walikuwa wakiswali katika kibanda cha miti na udongo kabla hawajawa na nyumba hata moja ya mawe. Mji haukushushwa jahazini ukiwa mzima. Ulimea pale pale.

Lakini nitawaambia kilichonishika. Vigae nilivyoviosha, ndoo baada ya ndoo, vilikuwa vya vyungu vya kupikia vya hapa hapa, vyenye masizi. Halafu kimoja, kidogo kama kucha ya dole gumba, rangi ya maji ya bahari, cha Uchina. Kila mtu aliacha kazi akaja kukitazama. Mimi nilikimbia kuliko wote. Ilinichukua miaka mingi kuona aibu ya mbio zile. Chungu kilichopika chakula cha mji kwa miaka 600 tulikirudisha mfukoni na namba. Kipande cha sahani kikapigwa picha. Na hata leo ndivyo ilivyo. Fedha za utafiti zikitoka upande wa Uchina, sote twauliza habari za Zheng He, nahodha wa Uchina, na yule twiga aliyepelekwa kwa mfalme wao kutoka Malindi mwaka 1415. Ni habari ya kweli na nzuri. Ila twiga hakujipeleka. Yupo aliyemkamata bara, aliyemlisha, aliyemtembeza hadi pwani, na hao hawana hata kigae.

Makosa yangu hayakuwa ya mbio tu. Hapa jirani yetu upo Msikiti wa Pwani, na mwaka wake ni 772 Hijria. Katika rasimu ya kwanza ya tasnifu nilichukua 772, nikajumlisha 622, nikapata 1394, nikaandika kwa kujiamini sana. Mzee mmoja wa mtaa wetu, ambaye hakuwahi kukanyaga shule ya serikali, aliniuliza, "Mwanangu, mwaka wa mwezi na mwaka wa jua ni mamoja?" Mwaka wa mwezi ni mfupi kwa siku kama 11, miaka 33 ya Hijria ni kama 32 ya Kizungu. Ukifanya hesabu sawasawa wapata 1370. Nilikuwa nimeuibia msikiti miaka 24. Msimamizi wangu chuoni hakuliona kosa lile. Wala simlaumu, yeye hakufunga Ramadhani wakati wa kaskazi, kisha miaka baadaye akaifunga wakati wa kusi. Mzee yule alikuwa ameuona mwezi ukizunguka misimu yote maishani mwake.

Basi nilizunguka. Nimekaa Lisbon katika hazina ya nyaraka ya Torre do Tombo, vidole vimekufa ganzi, nikisoma Kireno cha watu waliotuandika kama ushuru. Nimekaa Unguja. Chuo kimoja nilichofundisha kilinipa ofisi iliyokuwa stoo ya ramani, na hilo lilikuwa jambo jema kabisa walilonifanyia. Kumbukumbu za maandishi zinampenda mfanyabiashara, zinampenda sultani, na zinaipenda vita. Kuhusu nani alipika, hakuna.

Lakini wakati mwingine wanaandika jambo bila kujua wameandika. Mwaka 1331 msafiri Ibn Battuta alifika Mogadishu. Akaendelea hadi Mombasa na Kilwa. Anayewaambia alitua Lamu, mwacheni. Kule Mogadishu aliona hivi. Jahazi likitia nanga, vijana wa mji huliendea kwa mashua ndogo, kila mmoja na sahani ya chakula iliyofunikwa. Humpa mfanyabiashara mmoja ile sahani na kusema: huyu ni mgeni wangu. Kwisha. Mfanyabiashara yule hatashuka ila kwenda nyumbani kwa kijana huyo, isipokuwa kama ni mzoefu wa mji na ana watu wake. Mwenyeji ndiye atakayemuuzia mali na kumnunulia atakacho. Na mtu akinunua kwa mgeni kwa bei ya kutupa, au akamuuzia kitu bila mwenyeji kuwapo, biashara hiyo kwao haikuhesabika.

Nimeisoma habari hii labda mara mia. Sahani iliyofunikwa! Wachumi wana maneno marefu kuhusu uaminifu katika masoko ya mbali, na sisi twaanza na wali.

Sasa twendeni kwenye nyumba ya mawe ya Mkomani. Kuna mlango, kuna daka, ukumbi mdogo wa nje, na mabaraza yake. Mwenye haja nyepesi humalizana nawe hapo. Ukivuka, tekani, ujia wa kuingilia, inapinda, na imepinda makusudi, jicho la mpita njia lisifike ndani. Kisha kiwanda, ua wa ndani, wazi juu, mbingu yote yako. Kisha msana, ukumbi mrefu, msana mwingine, halafu ndani kwenyewe, ukuta umejaa zidaka, vishubaka vya chokaa. Vyumba ni virefu na vyembamba kwa sababu boriti ya mkoko ina mwisho wake. Upana wa chumba ameuamua mti. Na kando, karibu na mlango, mbali na ndani, kuna chumba kimoja cha mgeni. Sabule.

Nililala sabule wiki tatu, mwaka 1986. Mwenye nyumba alikuwa mama mmoja mjane. Nilipofika na begi langu na kaseti zangu akaniambia nitakaa humo. Nikamwambia, "Ma, mimi si mgeni, mimi ni wa hapa." Akasema, "Wewe ni wa Langoni." Nilicheka. Yeye hakucheka. Kutoka kwetu hadi kwake ni dakika kumi kwa miguu, kama punda hawajaziba njia.

Basi nililala. Nyumba zile kuta zake ni nene, matumbawe na chokaa. Usiku nilisikia sauti za ndani: kicheko, kikombe kikiwekwa, mtoto akinyamazishwa. Sauti nilizisikia lakini maneno sikuyapata hata moja. Ukuta umejengwa hivyo kwamba mgeni ajue nyumba ina watu, ila asijue wanasema nini. Asubuhi kahawa ilifika mlangoni kwangu kabla sijaomba. Niliheshimiwa kuliko nilivyowahi kuheshimiwa, na nilikuwa nje.

Asubuhi ya nne au ya tano, nikiwa nimeketi na kile kikombe, niliacha kuuliza nani aliijenga miji hii, nikaanza kuuliza mgeni alilala wapi. Kwa sababu mtu aliyekuja na kaskazi ilimbidi angoje kusi imrudishe, miezi hiyo yote. Akilala sabule msimu huu, akarudi mwakani, akaaminika, akaoa, alihamia ndani. Kutoka sabule hadi ndani ni hatua kama 15. Ziko familia zilizozitembea kwa msimu mmoja. Ziko zilizotumia vizazi vitatu, na ziko, mnazijua, ambazo hadi kesho zinaambiwa "nyinyi wa Langoni".

Wala msidhani sisi tulikuwa wa kukaa tu tukipokea. Miongoni mwa mara za mwanzo Lamu kutajwa katika maandishi ya Kiarabu, karne ya 15, imetajwa kwa sababu ya mtu wetu aliyesafiri. Mwandishi wa Misri, al-Maqrizi, anasimulia habari alizozipata kutoka kwa kadhi wa Lamu aliyekuwa Makka. Na kadhi wetu alimwambia nini kikubwa? Kwamba Mombasa imetekwa na nyani. Nyani! Miaka karibu 600 imepita na sijui kama ilikuwa taarifa au utani wa jadi, ila ndugu zangu wa Mombasa nawaomba radhi kwa niaba ya kadhi.

Lugha yetu imebeba jambo hili la kupokea bila kelele. Mwenyeji ni mwenye mji. Kwa Kiamu, Kiswahili chetu cha Lamu, mwenye mui. Hatukusema mwenye nyumba, wala mwenye ardhi. Anayempokea mgeni, kwa kule kumpokea, ndiye mwenye mji. Na wakunga wetu, Mungu awarehemu, walilijua neno mji kwa maana nyingine: mji wa mimba, mahali mtoto anapokaa kabla hajazaliwa. Nimefundisha wanafunzi wengi wa isimu, na hakuna aliyenishawishi kwamba hayo mawili hayasikizani.

Mwaka 2023 jarida la Nature lilitoa utafiti wa vinasaba vya watu 80 wa kale, wengi wao wa miji ya pwani: Manda na Faza hapa kwetu, Mtwapa, hadi Kilwa na Songo Mnara. Simu yangu haikulala. Jamaa wenye kudai Ushirazi, yaani asili ya Uajemi, walinipigia wakishangilia, na wenzangu wa vyuoni waliokuwa wakiucheka Ushirazi kwa miaka 40 walikuwa hawapokei simu. Kweli, utafiti ulionyesha kwamba wanaume wenye asili ya Uajemi walianza kuchanganyika na watu wa hapa yapata mwaka 1000. Lakini endeleeni kusoma. Kwa wengi wa wale watu wa kale, zaidi ya nusu ya asili yao ni ya Afrika, na imekuja karibu yote kwa upande wa wanawake. Mume alikuja na jahazi. Mama alikuwepo. Watoto hawakukua wakisema Kiajemi, walisema lugha ya aliyewabeba mgongoni. Nani alimvusha nani kutoka sabule hadi ndani? Mimi naona jibu, ila mama zangu huko nyuma mnalo bora kuliko langu.

Nyumba ile ya mawe ina mahali ambapo sijapataja.

Chini. Katika nyumba za ghorofa, tabaka ya chini ilikuwa ya ghala na ya watumwa. Hao nao walisafiri, mbali kuliko wengi waliolala sabule, na hakuna aliyewaendea kwa sahani iliyofunikwa. Soko la watumwa la Unguja lilifungwa kwa mkataba wa 1873. Hapa pwani ya Kenya utumwa ulifutwa kisheria mwaka 1907. Bibi yangu alizaliwa miaka michache baada ya hapo. Tukimuuliza asili yetu alisema, "Sisi ni wa hapa," na kumalizia hapo, kama mlango wa daka. Ila alikuwa akimtaja mwanamke aliyemlea, bibi yake, kwa jina la Agogo. Agogo alisema hivi, Agogo hakula samaki wa namna hii, Agogo aliniosha kwa majani yale. Hilo lilikuwa jina, sote tulijua. Nilipomaliza tasnifu yangu, ukurasa wa kwanza niliandika: kwa Bi Agogo, aliyetangulia. Imepigwa chapa, ina jalada gumu, iko maktaba.

Mwaka 1998 nilikuwa Zomba, Malawi, kwa mkutano. Jioni mwanafunzi mmoja aliyekuwa akitutembeza alipokea simu ya mezani pale hotelini, akarudi anasema lazima aondoke, agogo wake mgonjwa. Nikamuuliza, nani? Akanitazama kama mtu asiyejua kitu. Agogo, mama. Bibi. Kwa Kinyanja, agogo ni bibi au babu.

Halikuwa jina. Bibi yangu alikuwa akimwita bibi yake bibi, kwa lugha iliyotoka Ziwa Nyasa ndani ya mdomo wa mwanamke mmoja, na ndilo neno pekee lililofika. Jina lake sisi hatunalo. Nimelitafuta katika kila daftari nililolifikia. Nimempata mtu aliyeandikwa "mwanamke, mtu mzima, 1". Huenda ni yeye, huenda ni mama wa mmoja wenu.

Babu yangu, mume wa bibi huyo, alisoma kwa walimu wa Msikiti wa Riyadha, hapa Lamu. Na Riyadha mnajua ilivyoanza. Habib Saleh alikuja kijana kutoka Ngazija. Akawafundisha watoto wa watumwa na wa watu wadogo, wale ambao wakubwa wa mji hawakuona haja ya kuwafundisha, akaingiza na matari kwenye Maulidi, wakanung'unika wenye kunung'unika. Mgeni akawafungulia mlango waliozaliwa hapa. Leo Maulidi yakifika, Lamu inajaa hata pa kuweka mguu hakuna, na kila nyumba inageuka sabule.

Malindi nitaipitia haraka, watu wake wako hapa na wanaitazama saa. Mwaka 1498 Malindi ilimpokea Vasco da Gama vizuri, ikampa rubani wa kumfikisha Bara Hindi. Ikajifunga na mgeni mmoja dhidi ya Mombasa. Mwaka 1593 mgeni yule, Mreno, alianza kujenga ngome yake Mombasa, na sultani wa Malindi akahama akamfuata. Mji ukanyauka. Ukaja kufufuliwa mwaka 1861 na Sultani Majid wa Unguja, kwa mashamba yaliyolimwa na akina Agogo wengine.

Wanafunzi kila mara huniuliza: na leo mgeni ni nani? Najua wanachotaka niseme. Waliogawiwa mashamba Mpeketoni tangu miaka ya 1970 wana wajukuu waliozaliwa Lamu. Wabajuni waliofukuzwa na vita vya shifta miaka ya 1960 kutoka vijiji vyao vya bara, wengine hawajarudi hadi leo, na walipofika mjini humu hawakupokewa wote kwa kahawa. Nikiwapanga hapa nani wa kwanza na nani wa pili, nitarushiwa viatu kutoka pande zote mbili, na pande zote mbili zina viatu vizuri.

Nitasema la bandari mpya ya Lamu tu. Gati la kwanza lilifunguliwa mwaka 2021. Lakini mwaka 2018 Mahakama Kuu ilikuwa imeshaamua kwamba watu wa hapa hawakushirikishwa inavyopasa, ikaamuru wavuvi walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.76. Niliposoma hukumu ile kichwa changu kilikwenda Mogadishu, 1331. Biashara iliyofanywa mwenyeji hayupo. Majaji hawakumtaja Ibn Battuta, na sidhani walimhitaji.

Sasa nina ombi, kisha mniruhusu nikalale. Najua katika makasha yenu mna karatasi. Barua za nahodha, hati za shamba, talaka, daftari za deni, masharti ya ndoa ya bibi zenu. Nyingine zimeliwa na mchwa. Msizitupe, na nawasihi msizipeleke kutiwa ile plastiki ya moto; inaziua polepole na hazitoki tena. Jumamosi baada ya alasiri nitakuwa hapa ngomeni, karibu na mlango, na meza na kamera. Nitapiga picha, na karatasi yako utaondoka nayo mwenyewe mkononi. Sibaki na kitu cha mtu.

Asiye na karatasi aje pia. Kama kuna neno bibi yako alilitumia na nyumbani mlidhani ni jina, liandike kama linavyotamkwa, uje nalo.